Kusakinisha na Kurekebisha Programu kwa Guix Ili Upate Matokeo Yaleyale Kila Mara

Kwa njia ya kawaida ya kusakinisha programu, unachopata hutegemea siku uliyosakinisha. Amri ileile ukiitoa leo na tena baada ya miezi sita italeta matoleo tofauti, maktaba zitagongana, na programu inayofanya kazi kwa mwenzako itagoma kwako. Guix, mradi wa GNU wa kusakinisha na kusimamia programu, ulioanza mwaka 2012 juu ya mawazo ya Nix (mfumo mwingine wa aina hiyo), huondoa hali hiyo kwa kuhesabu kila kitu kinachoingia katika ujenzi wa programu. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye Linux ya aina yoyote, aliyezoea terminali, anayetaka kurudisha mazingira yake yote ya kazi kwa kutumia faili mbili tu: moja inayotaja vifurushi (programu na maktaba zilizofungashwa ili zisakinishwe) anavyovitaka, na nyingine inayotaja hali ya Guix iliyovizalisha. Wengi huitunza ya kwanza na kuisahau ya pili, kisha hushangaa mambo yanapobadilika.

Ghala na heshi

Kila kifurushi hukaa katika folda yake chini ya `/gnu/store`. Jina la folda huanza na heshi ya herufi 32, yaani alama inayokokotolewa kutokana na data fulani, likafuatiwa na jina la programu na toleo lake. Heshi hiyo hukokotolewa kutoka kwenye viambato: msimbo chanzo, kompaila, vigezo vya ujenzi, hati za ujenzi, na kila kitegemezi (kifurushi kingine kinachohitajika) pamoja na vitegemezi vya kitegemezi hicho. Kiambato kimoja kikibadilika, heshi hubadilika na kifurushi huwekwa katika folda mpya, huku cha zamani kikibaki palepale. Ndiyo maana matoleo mawili ya Python hukaa kwenye diski moja bila kuharibiana.

Ujenzi wenyewe hufanyika mahali palipofungwa. Hauoni `/usr`, hauoni `/home`, na hauna mtandao. Kitegemezi ambacho hakikutajwa hakipo kabisa, kwa hiyo kosa la kusahau kukitaja huonekana papo hapo badala ya kujificha hadi programu ihamishiwe kwenye kompyuta nyingine.

Programu unazozitumia huunganishwa katika profaili yako, `~/.guix-profile`, ambayo ni mkusanyiko wa viungo vinavyoelekeza ghalani. Kila badiliko hutengeneza kizazi kipya cha profaili. Kurudi nyuma, basi, ni kukigeuza kiungo kimoja tu.

Kusakinisha Guix yenyewe

Tenga angalau GB 20 za diski. Guix itafanya kazi hata kwenye nafasi ndogo zaidi, lakini ghala hukua haraka, na diski ikijaa katikati ya ujenzi utapata makosa yasiyoeleweka. Kisha:

```
cd /tmp
wget -O guix-install.sh https://guix.gnu.org/install.sh
chmod +x guix-install.sh
sudo ./guix-install.sh
```

Hati hiyo hukagua sahihi ya kumbukumbu (faili moja iliyofungasha faili nyingi) inayoipakua, hufungua `/gnu/store`, na kuwasha huduma ya nyuma iitwayo `guix-daemon`, ambayo ndiyo pekee inayoruhusiwa kuandika ghalani. Njiani itakuuliza kama unakubali vibadala, yaani vifurushi vilivyokwisha kujengwa kwenye seva za mradi. Kubali. Ukikataa, kompyuta yako italazimika kujenga kila kitu kutoka msimbo chanzo, kompaila ikiwemo, na kazi hiyo huchukua saa nyingi.

Kama ulikataa na sasa unajuta, si lazima usakinishe upya. Ingia kama root kwa `sudo -i`, halafu:

```
cd /root/.config/guix/current/share/guix
guix archive --authorize < ci.guix.gnu.org.pub
guix archive --authorize < bordeaux.guix.gnu.org.pub
```

Usiweke `sudo` mbele ya amri hizo ukiwa mtumiaji wa kawaida. Alama ya `<` hutekelezwa na sheli yako kabla `sudo` haijaanza, na sheli yako hairuhusiwi kusoma ndani ya `/root`.

Sasa toka kwenye akaunti yako na uingie tena ili njia mpya zisomwe, kisha sasisha:

```
guix pull
hash guix
which guix
```

`guix pull` ya kwanza ni ndefu, kwa sababu toleo lililosakinishwa huwa limeachwa nyuma sana na msimbo wa sasa. Amri ya `hash guix` inaonekana haina maana, lakini bila hiyo sheli huendelea kukumbuka `guix` ya zamani, nawe utafikiri usasishaji haukufanyika. `which guix` inapaswa kujibu kwa njia inayoishia na `.config/guix/current/bin/guix`. Ikijibu `/usr/local/bin/guix`, bado unatumia ya zamani: angalia kama faili yako ya `.bashrc` inaipanga `PATH` upya.

Usitumie `sudo guix pull` kusasisha Guix yako. Kila mtumiaji ana Guix yake, na amri hiyo inaweza kuacha faili za root ndani ya `~/.cache/guix`, kisha pull zako za baadaye zikakwama kwa kukosa ruhusa. Ili kusasisha huduma ya nyuma, tumia `sudo -i guix pull`, kisha `sudo systemctl restart guix-daemon`.

Bado kuna mambo mawili ambayo huwakera wageni wa Guix. Programu zake hazisomi data za lugha za mfumo wako, hivyo utaona onyo la `failed to install locale` na herufi zisizo za ASCII zitageuka alama za kuuliza. Pia hazijui vyeti vya usalama vilipo, hivyo `git` au `curl` ya Guix inaweza kukataa anwani za https. Sakinisha vifurushi viwili:

```
guix install glibc-locales nss-certs
```

Kisha ongeza mistari hii kwenye `~/.profile`:

```
GUIX_PROFILE="$HOME/.guix-profile"
. "$GUIX_PROFILE/etc/profile"
export GUIX_LOCPATH="$GUIX_PROFILE/lib/locale"
export SSL_CERT_DIR="$GUIX_PROFILE/etc/ssl/certs"
export SSL_CERT_FILE="$SSL_CERT_DIR/ca-certificates.crt"
export GIT_SSL_CAINFO="$SSL_CERT_FILE"
```



Jaribu kabla ya kusakinisha

Programu unayotaka kuionja haina haja ya kuingia kwenye profaili yako. `guix shell` hutengeneza mazingira ya muda:

```
guix shell python python-numpy -- python3
```

Ukitoka, profaili yako iko kama ilivyokuwa. Ongeza `--pure` ili kufuta vigezo vya mazingira vya mfumo wako, au `--container` ili kufunga hata mfumo wa faili, ambapo programu huona folda uliyomo tu na haipati mtandao hadi uongeze `--network`. Tunapendekeza `--container` kila unapotaka kuhakikisha kwamba orodha yako imekamilika. Kama kitu kinafanya kazi nje ya kontena na kinagoma ndani, kuna kitegemezi ambacho ulikuwa unakiazima kwenye mfumo bila kujua.

Wakati mwingine `guix shell` hukupa toleo la mfumo badala ya lile uliloliomba. Mara nyingi mkosaji ni `.bashrc` inayoandika `PATH` upya kila sheli inapofunguka. `guix shell --check` hulikagua hilo na kukutajia kigezo kilichoharibiwa.

Kabla ya usakinishaji wowote mkubwa, ongeza `-n` kwenye amri. Guix itakuonyesha kitakachopakuliwa na kitakachojengwa bila kufanya lolote. Ukiona orodha ndefu ya vitu vya kujengwa, ama hukuidhinisha vibadala, ama umepiga pull kabla seva hazijamaliza kujenga mabadiliko mapya. `guix weather` ikifuatiwa na jina la kifurushi itakuambia kama kibadala chake kipo.

Faili ya kwanza: vifurushi unavyovitaka

Acha kusakinisha kimoja kimoja. Andika `manifest.scm`:

```
(specifications->manifest
 (list "git"
       "gcc-toolchain"
       "python"
       "python-numpy"
       "git:send-email"))
```

Unaweza kubana toleo kwa alama ya `@`, kwa mfano `"gcc-toolchain@12"`, ilimradi Guix uliyonayo ina toleo hilo. Nukta pacha huchagua sehemu ya kifurushi: vingine hugawanywa ili usibebe usichokihitaji, kama `git:send-email` hapo juu.

Katika orodha hiyo kuna maamuzi mawili yanayohitaji kuelezwa. Kwanza, kwa kazi ya C tunachukua `gcc-toolchain`, kwa kuwa ndicho kinacholeta kompaila pamoja na kiunganishi na maktaba ya C kwa mkupuo. Pili, `python` imetajwa waziwazi ingawa `python-numpy` tayari inaitegemea. Guix huweka kigezo cha `GUIX_PYTHONPATH` pale tu kifurushi cha `python` chenyewe kinapokuwa ndani ya profaili. Ukiiacha, utaitumia Python ya mfumo bila kujua, nayo itasema moduli ya numpy haipo. Hili ndilo kosa la kwanza la kulitazama unapoambiwa maktaba haionekani, na lugha nyingine zenye njia zake za utafutaji hufuata kanuni hiyohiyo.

Kuitumia:

```
guix shell -m manifest.scm
guix package -m manifest.scm
```

Ya kwanza ni ya muda, ya pili hubadilisha profaili yako. Hiyo ya pili hubadilisha *yote*: chochote ambacho hakimo kwenye faili huondoka, pamoja na `glibc-locales` na `nss-certs` ulizozisakinisha mwanzo, kwa hiyo ziongeze humo kwanza. Kama tayari una profaili uliyoijenga kwa amri, iandike kwenye faili namna hii:

```
guix package --export-manifest > manifest.scm
```

Ukikosea, `guix package --roll-back` hukurudisha kwenye kizazi kilichotangulia. `guix package -l` huorodhesha vizazi vyote, na `guix package -S 12` hukupeleka moja kwa moja kwenye cha 12.

Faili ya pili: hali ya Guix

Orodha iliyo hapo juu haisemi Python ipi. Inasema Python ambayo Guix yako inaijua leo, na kesho baada ya pull itakuwa nyingine. Kinachoifunga ni komiti, alama ya herufi 40 inayotambulisha hali moja ya msimbo wa Guix:

```
guix describe -f channels > channels.scm
```

Faili hiyo hutaja kila chaneli (hazina ya msimbo ambamo Guix huchukua maelezo ya vifurushi) unayotumia na komiti yake. Iweke pamoja na `manifest.scm` ndani ya git, kando ya kazi yako. Sasa mtu yeyote mwenye Guix, kwa toleo lolote alilonalo, anaweza kuandika:

```
guix time-machine -C channels.scm -- shell -m manifest.scm
```

Atapata njia zilezile za ghalani, heshi kwa heshi. Mara ya kwanza huchukua muda, maana Guix ya komiti hiyo inabidi ipatikane kwanza. Baada ya hapo hukaa kwenye hifadhi ya muda na amri huwa nyepesi.

Mipaka yake ijulikane. Seva hazitunzi vibadala vya kila komiti milele, hivyo komiti ya zamani inaweza kukulazimisha kujenga mwenyewe. Msimbo chanzo ukitoweka kwenye tovuti ulikotoka, Guix huutafuta kwenye hifadhi ya Software Heritage, na mara nyingi hufanikiwa. Tatizo gumu zaidi ni majaribio ya programu yanayotegemea tarehe: cheti cha majaribio kilichokwisha muda mwaka jana huangusha ujenzi ambao zamani ulipita. Zaidi ya yote, mazingira yaliyobanwa hayapati viraka (marekebisho madogo ya msimbo) vya usalama. Yafaa kwa kurudia hesabu ya utafiti, hayafai kwa kivinjari chako cha kila siku. Sogeza komiti mara kwa mara, kwa kukusudia, na uandike kwenye git ulipoisogeza.

Kurekebisha programu

Hapa ndipo Guix inapoipita njia ya kuchukua kifurushi kilivyo. Mabadiliko madogo hufanywa kwa chaguo za amri, bila kuandika kifurushi kipya:

```
guix build hello --with-patch=hello=./salamu.patch
guix build hello --with-source=hello=./hello-2.12.tar.gz
guix build lapack \
  --with-configure-flag=lapack=-DBUILD_SHARED_LIBS=OFF
```

Ya kwanza hutia kiraka, ya pili hubadilisha msimbo chanzo, ya tatu huongeza kigezo cha ujenzi. Ukizitumia na `guix install`, Guix huzikumbuka na kuzitekeleza tena kila unaposasisha kwa `guix upgrade`.

Chaguo la `--with-input=A=B` hubadilisha kitegemezi A kuwa B katika mti wote, na kila kilichomtegemea A hujengwa upya. Ukibadilisha kitu kilicho karibu na mzizi, kama `openssl`, jiandae kwa ujenzi wa saa nyingi, kwa sababu heshi zote za juu yake zimebadilika na vibadala vya seva havikufai tena. `--with-graft=A=B` ni ya haraka mno: haijengi upya, bali hupandikiza njia ya B mahali pa A ndani ya vifurushi vilivyokwisha kujengwa. Sharti lake ni B iwe inalingana na A kwa kiwango cha maktaba. Isipolingana, programu itaanguka inapoendeshwa, wala Guix haitakuonya.

Tahadhari pia na `--without-tests`. Inaonekana haina madhara, lakini kuruka majaribio nako ni kubadilisha viambato, hivyo heshi hubadilika na vyote vinavyotegemea kifurushi hicho hujengwa upya.

Rekebisho unalolihitaji kila siku liandike ndani ya orodha yenyewe, ili liende pamoja nayo:

```
(use-modules (guix transformations)
             (gnu packages))

(define rekebisha
  (options->transformation
   '((with-patch . "hello=./salamu.patch"))))

(packages->manifest
 (list (rekebisha (specification->package "hello"))
       (specification->package "git")))
```

Njia ya kiraka huhesabiwa kutoka folda uliyomo unapotoa amri, si folda ya faili. Ukisimama pengine, utaambiwa kiraka hakipo.

Mabadiliko yakizidi hapo, tengeneza kifurushi kinachorithi cha asili. Weka hii katika `vifurushi/vyangu.scm`:

```
(define-module (vifurushi vyangu)
  #:use-module (guix packages)
  #:use-module (guix utils)
  #:use-module (guix gexp)
  #:use-module (gnu packages base))

(define-public hello-yangu
  (package
    (inherit hello)
    (name "hello-yangu")
    (arguments
     (substitute-keyword-arguments (package-arguments hello)
       ((#:configure-flags vigezo #~'())
        #~(cons "--disable-nls" #$vigezo))))))
```

Kisha, ukiwa kwenye folda iliyo juu ya `vifurushi`:

```
guix build -L . hello-yangu
```

Jina la moduli lazima lilingane na njia ya faili: `(vifurushi vyangu)` ni `vifurushi/vyangu.scm`, herufi kwa herufi. Hilo, pamoja na mabano yasiyofungwa, ndiyo chanzo cha makosa mengi ya mwanzo. Hiyo `#~'()` ni thamani ya kuanzia endapo kifurushi cha asili hakina vigezo vyovyote. Ukiiacha kwenye kifurushi cha namna hiyo, badiliko lako halitaingia popote.

Ukitaka toleo jipya, usibadilishe namba pekee. Ndani ya `source` mna heshi ya sha256 ya msimbo chanzo, na isipolingana na faili iliyopakuliwa, ujenzi husimama. `guix download` ikifuatiwa na anwani hupakua faili na kuchapisha heshi inayotakiwa.

Ujenzi ukishindwa, urudie kwa `-K`. Folda ya ujenzi haitafutwa, na njia yake chini ya `/tmp` itachapishwa ili uingie uone kilichovunjika.

Kuhakikisha matokeo ni yaleyale

Njia ileile ya ghalani inathibitisha viambato vilevile. Haithibitishi kwamba kila baiti ya matokeo ni ileile, maana programu inaweza kuandika saa ya ujenzi ndani yake, kutegemea mpangilio wa faili kwenye folda, au kuchunguza kichakataji cha kompyuta inayoijenga. Guix hupunguza hayo, kwa mfano kwa kuzipa faili zote za ghalani tarehe moja ya Januari 1, 1970, lakini haiwezi kuyamaliza yote. Jipimie:

```
guix build hello --no-grafts
guix build hello --no-grafts --check
guix challenge hello
```

`--check` hujenga tena na kulinganisha na kilichopo ghalani, hivyo hudai kiwe kimekwisha kuwepo. `guix challenge` hulinganisha nakala yako na za seva. Ikiwa umejenga kwa mkono wako na heshi zinakubaliana na seva mbili tofauti, una ushahidi mzito kwamba hakuna aliyechomeka kitu katikati.

Diski, na programu za nje

`guix gc` peke yake huondoa kidogo, kwa kuwa kila kizazi cha zamani bado kinashikilia vifurushi vyake. Futa vizazi kwanza:

```
guix pull --delete-generations=2m
guix gc --delete-generations=2m --free-space=20G
```

Hapa vizazi vilivyozidi miezi miwili huondoka, kisha Guix hufuta visivyoshikiliwa na chochote hadi diski iwe na GB 20 huru. Usifute kitu chochote ndani ya `/gnu/store` kwa `rm`, hata kama una haki za root. Hifadhidata ya Guix itaendelea kuamini kipo. Kama imeshatokea, `sudo -i guix gc --verify=contents,repair` hutafuta kilichoharibika na kukirejesha.

Programu uliyoipakua ikiwa tayari imejengwa kwa Linux nyingine inaweza kukujibu `No such file or directory` ndani ya kontena la Guix ingawa faili unaiona kwa macho. Kinachokosekana ni kipakizi cha maktaba, `/lib64/ld-linux-x86-64.so.2`, ambacho Guix haikiweki mahali hapo. `guix shell --container --emulate-fhs` huijengea programu hiyo mpangilio wa folda ilioutarajia.

Na ukihitaji kupeleka kazi kwenye kompyuta isiyo na Guix wala ruhusa ya kuisakinisha:

```
guix time-machine -C channels.scm -- \
  pack -RR -S /bin=bin -m manifest.scm
```

Utapata kumbukumbu moja ya tar ya kufungua popote kwenye folda yako na kuendesha kutoka `bin`. `-R` moja hutegemea kerneli iruhusu nafasi za majina za watumiaji (user namespaces), jambo ambalo seva nyingi za pamoja huzima. `-RR` huongeza njia mbadala ya PRoot (programu inayoigiza kazi hiyo bila ruhusa ya kerneli), iliyo polepole zaidi, lakini inayofanya kazi pale nyingine inapokataliwa.